Lukresia, Aliyeitunza Redio ya Shule

Mke wangu Lukresia alijua betri kabla hajajua kusonga ugali. Baba yake, mzee Yohani, alikuwa kibarua wa gereji katika shamba la kahawa la Wazungu kule Oldeani. Kazi yake ilikuwa kuosha vipuri na kuchaji betri za matrekta. Hakujaliwa mtoto wa kiume, kwa hiyo aliyefungua vifuniko na kuchungulia kama maji yamefunika bamba alikuwa Lukresia. Shule hakupelekwa. Mimi pia sikupelekwa. Herufi hizi nilizipata kwenye kisomo cha watu wazima, nikiwa na watoto wawili tayari. Yeye hakuzipata. Saa za kisomo zilikuwa saa za wanawake kuteka maji.

Amekufa mwaka huu, Kwaresma ilipoanza. Nataka kuandika habari yake moja. Nyingine watoto wanazijua.

Tulikaa upande wa Baray, mahali ambapo ukisimama mlangoni unaliona Ziwa Eyasi chini, jeupe. Shule ya kijiji chetu ilifunguliwa mwaka sabini na saba, vyumba viwili vya udongo na bati. Mwaka uliofuata likaja gari la wilaya kutoka Mbulu. Wakati ule sote tulikuwa chini ya Mbulu. Lilileta redio kubwa, spika mbili ndani ya masanduku ya mbao, bunda la waya na betri ya lori. Serikali ilitaka watoto wa shule mpya wafundishwe na redio, kwa kuwa walimu walikuwa hawatoshi. Ofisa aliyekuja nayo alifunga kila kitu kwa nusu siku, akala kuku, akaondoka. Hakurudi.

Mwalimu mkuu alikuwa Josephati, mtu wa Same. Hesabu alizijua sana. Waya alizikimbia. Wiki ya tatu redio ikanyamaza.

Kamati ya shule ikaitishwa. Mwenyekiti alikuwa Valeriani, mtu mwenye ng'ombe wengi na sauti. Walikaa darasani, na nje wanawake walikuwa wanakandika ukuta, Lukresia akiwa mmojawapo. Walisema redio irudishwe Mbulu. Wengine walisema wilaya imetuletea kitu kibovu kwa kuwa sisi ni watu wa bondeni. Lukresia akaweka kichwa dirishani, mikono imejaa udongo.

"Mwalimu, hiyo betri ina kiu," alisema.

"Mama Germana, kandika ukuta," Valeriani akasema. "Hapa pana kikao."

"Nakandika. Lakini ina kiu. Fungua vifuniko uone mwenyewe."

Josephati akafungua. Ndani kulikuwa kukavu kama mtungi wa mwaka jana.

"Basi tuiletee maji," akasema Valeriani, "au betri ya Mama Germana inataka pombe?"

Wakacheka. Lukresia hakucheka. Aliwaambia betri hainywi maji ya mto wala ya kisima. Maji hununuliwa gereji, na yasipopatikana, ni ya mvua tu, yaliyoanguka moja kwa moja kwenye chombo, siyo yaliyopita juu ya bati wala juu ya majani. Mvua iliponyesha aliweka beseni katikati ya uwanja wa shule na kulilinda dhidi ya mbuzi. Maji yale aliyachuja kwa kitambaa, akayatia kwenye chupa ya divai ya misa aliyopewa na katekista. Halafu akapanda lori la vitunguu linalotoka Mang'ola, betri mapajani, gunia chini yake, mpaka Karatu kwenye gereji moja, ikachajiwa, akarudi nayo siku ya pili. Khanga yake ilitoboka matundu mawili kwa asidi. Aliyatia viraka.

Redio ikasema.

Tangu siku ile kazi ikawa yake. Hakuna aliyempa. Kila asubuhi kabla watoto hawajapanga mstari alikuwa ameshafika, ameshapangusa vumbi, amefuta vichwa vya betri kwa maji ya moto na kuvipaka mafuta ya kondoo visioze, kwa kuwa grisi haikuwepo. Upepo wa ziwani ulipoangusha mlingoti wa waya, alichimba shimo upya. Siku moja redio ilikuwa inakoroma tu, akatoka nje, akakuta mke wa mwalimu ameanika shuka kwenye ule waya.

"Mama, kamba ya nguo ni ile pale," akamwambia. "Hii ni sikio."

"Na mimi nikajua serikali imenikumbuka," akasema mke wa mwalimu, akaanua.

Jirani yetu Marsela ndiye aliyemtania kuliko wote. "Mama Germana, huyo mume wako wa pili anakula nini leo?"

"Maji ya mvua."

"Ana nafuu. Wa kwangu anataka nyama."

Wakati wa kipindi, Lukresia alitoka nje. Kamati ilisema mwanamke wa kijiji akikaa darasani watoto watamtazama yeye. Kwa hiyo alifungua redio, aliitega mpaka sauti ya Dar es Salaam ikaja safi, akatoka, akasimama chini ya dirisha. Alisikia nusu. Upepo ulichukua nusu nyingine. Nyumbani alinisimulia zile nusu akipika: mto fulani unaanzia wapi, pamba inalimwa wapi, na mimi nikamwambia aangalie mboga zisiungue.

Halafu Josephati akaleta habari. Wilaya itaajiri mhudumu wa shule, mtu wa kutunza redio na vifaa. Mkaguzi atakuja mwezi wa sita kuiona redio ikifanya kazi na kuandika jina. Josephati alimwambia mbele yangu: "Mama Germana, jina litakuwa lako. Nani mwingine?"

Usiku ule na siku zilizofuata hakuzungumza kingine. Mshahara hakuutaja. Alitaja mambo mawili. Kwamba mhudumu ni mtu wa shule, na mtu wa shule anakaa ndani kipindi kizima.

"Nitakaa nyuma," alisema. "Kwenye lile benchi lililovunjika mguu. Sitamsumbua mtu."

Mwaka huo ulikuwa wa sabini na tisa. Alikuwa na mimba. Mwezi wa tano, mimba ikiwa ya miezi sita, ikatoka.

Sisi Wairaqw tuna metimani. Mimba ikitoka, au mtoto wa kunyonya akifa, nyumba ile inatengwa. Hamwendi kwa watu, watu hawaji kwenu. Mnateka maji mahali penu, ng'ombe wenu wanapita njia yao. Mnakaa hivyo miezi, mpaka wazee waseme basi. Tulikuwa Wakristo wote, Valeriani alikuwa mzee wa kanisa. Padri aliikemea metimani kila Jumapili alipofika. Jumatatu watu waliendelea nayo.

Kwa hiyo tukakaa. Watoto wetu, Germana na mdogo wake, tulikuwa tumewapeleka kwa bibi yao Oldeani kabla. Tulibaki wawili. Lukresia alilala siku tano, siku ya sita akaamka, akaniuliza: "Redio anaitazama nani?"

Nikamwambia alale.

Baada ya wiki mbili Marsela alikuja, akasimama mbali, ng'ambo ya ua wa minyaa, mkono mdomoni kama mtu anayeita mbuzi.

"Mama Germana, pole."

"Nimepoa. Redio inasema?"

"Inasema kwa shida. Mwenyekiti anasema ataitilia maji mwenyewe. Anasema siyo uganga, ni maji tu." Akatazama nyuma. "Nakwenda. Mume wangu akiniona hapa nimekwisha."

Akaondoka, na hakurudi kwa muda mrefu.

Lukresia akanijia zizini. Alikuwa bado anatembea polepole.

"Baba Germana, nenda kamwambie mwalimu. Maji ya mvua yako kwenye chupa ya divai, juu ya kabati. Yakiisha wasitie mengine. Hata kama ni meupe, wasitie. Ni hilo tu."

"Tuko metimani."

"Mwalimu ni mtu wa Same. Hana metimani. Simama barabarani umwite, atatoka."

"Wataniona."

"Ndiyo. Wana macho."

"Wazee watasema nini?"

"Mimi nimebatizwa, na wewe umebatizwa," akasema. "Sikuombi uingie kwa mtu. Nakuomba usimame barabarani useme maneno sita."

Ilikuwa Jumatano. Nilikwenda. Nilifika mpaka kwenye korongo, pale njia inapopandia shule. Juu, kwenye kivuli cha ukuta wa darasa, alikaa Valeriani na wazee wawili. Mmoja wao alikuwa mjomba wangu. Nilisimama chini ya korongo kwa muda wa kutosha mtu kuvuta kiko. Hawakuniona. Nikageuka.

Nilipofika nyumbani aliniuliza kama nimemwambia.

Nikasema, "Nimemwambia."

"Alisemaje?"

"Alisema amesikia."

Akanishukuru. Akanipikia.

Yaliyotokea shuleni nilikuja kuambiwa na Marsela, na sehemu nyingine na mke wa mwalimu. Chupa waliikuta, ikaisha kwa siku mbili. Valeriani akakumbuka kwamba Mama Germana siku zote alisema maji safi. Mto ulikuwa mwekundu kwa tope. Lakini kisima cha chini, kile tunachonyweshea ng'ombe, maji yake ni maangavu kama kioo. Yana magadi. Ng'ombe wanayapenda, na sisi wenyewe tukitaka maharage yalainike haraka tunayachota kule. Kwa mtu wa Baray hakuna maji mazuri zaidi kwa macho. Wakaleta ndoo.

Walipoyamimina, betri ikatoa povu. Ikachemka, ikafoka, povu likamwagikia mezani.

"Imeamka," akasema Valeriani. "Mnaona? Ilikuwa na njaa."

Wakaongeza. Kila walipoongeza ikatoka povu, na wao wakafurahi. Wakamimina mpaka povu likaisha. Asidi yote ilikuwa juu ya meza na sakafuni, mbao za meza zikawa nyeusi. Josephati alikuwepo. Alisoma chuo cha ualimu. Anajua asidi ikikutana na magadi inafanya nini, maana hayo yamo kwenye vitabu vyao. Alisema baadaye kwamba alikuwa anasahihisha madaftari.

Redio ikasema siku nne kwa sauti ya mgonjwa, ikafa.

Mkaguzi alikuja Jumanne. Wazazi wote waliitwa, watoto wamevaa sare zilizofuliwa. Josephati akazungusha kitufe. Kimya. Akazungusha tena.

Valeriani akasimama. "Bwana mkaguzi, kitu hiki kilikuwa mikononi mwa mwanamke aliyepata balaa. Aliigusa redio mpaka siku zile zile. Sisi tunajua. Imekwenda na lile lililokwenda."

Josephati akaendelea kuzungusha kitufe. Betri ni mali ya serikali, na aliyeisaini ni yeye.

Safari hii Marsela alikuja mbio hadi kwenye ua wetu, akasema yote kwa pumzi moja, akarudi mbio. Lukresia alikuwa anachambua maharage. Aliweka ungo chini. Alinawa uso, akavaa khanga ya kanisani.

"Unakwenda wapi?" nikamwuliza.

"Kazini."

"Mama Germana, tuko metimani."

"Wewe uko. Baki nayo."

Nilisimama mlangoni. Nilimwona akishuka korongoni na kupanda upande wa pili. Sikumfuata.

Alipoonekana uwanjani watu walitawanyika. Wenye watoto mgongoni walikuwa wa kwanza. Waliokuwa darasani waliruka madirishani. Wale wazee walisimama, wakaenda kukaa mbali, migongo imegeuzwa. Mkaguzi, mtu wa kwingine, aliuliza, "Mbona wanakimbia? Huyu mama amefanya nini?"

"Amefiwa," akasema Josephati.

Darasani walibaki watatu, yeye, mkaguzi na Josephati, na Valeriani mlangoni, mguu mmoja nje. Marsela alikuwa nyuma ya ukuta, alisikia kila neno.

Lukresia alisalimu. Akakagua meza ile nyeusi. Akafungua vifuniko vyote sita, akavipanga. Akachovya kidole, akakitia ulimini.

"Betri nzima inachoma ulimi," akamwambia mkaguzi. "Onja hii. Ina ladha ya kisima cha ng'ombe. Wametia magadi."

Mkaguzi hakuonja. Alinusa. Akamtazama Josephati, na Josephati akatazama ubao.

"Tulitia maji safi," Valeriani akasema. "Mwenyewe ndiye aliyesema safi. Mwaka mzima anaimba safi, safi."

"Nilisema ya mvua. Na nikatuma neno kwamba ya mvua yakiisha msitie mengine, hata yakiwa meupe."

"Ulimtuma nani?"

"Mume wangu. Alikuja akamwambia mwalimu. Siku ya Jumatano, wiki ile kabla hamjatia."

Josephati akageuka. Marsela anasema hapo ndipo alipopata sauti.

"Hakuja mtu, Mama Germana."

"Alikuja. Alisimama barabarani akakuita. Ukasema umesikia."

"Hakuja. Ningekuwa nimeonywa, ningeacha watie?"

Mkaguzi akauliza mara mbili. Josephati akajibu vile vile mara mbili, na kwa hilo alisema kweli. Valeriani akaapa kwamba alikuwa pale siku ile tangu asubuhi, na wazee wawili, na hawakumwona Clemensi, yaani mimi. Yeye pia alisema kweli.

Lukresia hakubishana tena. Kisha akarudisha vifuniko, kimoja kimoja, akavikaza, akafuta mkono kwenye khanga.

Mkaguzi hakuwa mtu mbaya. Alimwambia, "Mama, betri unaijua kuliko sisi. Lakini mhudumu ni mtu ambaye watoto wataingia darasani yeye akiwemo. Hawa wametoka madirishani. Na unasema ulitoa maelekezo, hapa hakuna aliyeyapata. Niandike nini?"

"Andika unachokiona," akasema.

Akaandika jina la ndugu wa Valeriani, mtu mzima asiyejua chanya na hasi.

Nilimwona akirudi. Hakuharakisha. Mimi nilikuwa pale pale mlangoni.

"Wamesemaje?"

"Wamesema hukuja."

Akanipita, akaketi, akauvuta ungo, akaendelea kuchambua maharage. Nilisubiri aseme lingine. Alitoa mawe madogo, akayaweka pembeni. Nikaenda kutoa ng'ombe.

Siku ile ningeweza kuvuka korongo. Mkaguzi alikula pale shuleni, gari lake liliondoka jua likiwa limeanza kushuka. Nilikuwa na saa tatu nzima za kwenda kusema, "Mke wangu alinituma, mimi ndiye sikufika." Nililisikia gari likiwaka.

Wazee walipanga metimani yetu imalizike mwezi wa tisa. Walileta kondoo, wakafanya yanayofanywa. Mimi nilikwenda. Lukresia alikataa kutoka ndani. Alisema hajatengwa na Mungu, kwa hiyo hana cha kurudishiwa. Wazee wakasema basi ni shauri lake. Mimi jioni ile nilikunywa pombe nyumbani kwa Valeriani, kwenye mduara, mjomba wangu akinimiminia. Nilicheka pamoja nao. Lukresia hakuna aliyepokea kibuyu kutoka mkononi mwake tena. Kisimani walimpisha. Kanisani benchi lake lilikuwa lake peke yake. Marsela alimsemesha wakiwa shambani tu, pasipokuwa na mtu.

Mimi nilikuwa nimetoka. Yeye nilimwacha ndani, na tulilala kitanda kimoja.

Mwaka wa themanini na mbili alisema anaondoka. Hakuuliza kama nitakuja. Nilikuja. Alipata kazi ya kufua katika hoteli moja ya watalii juu ya kreta, Ngorongoro. Baridi kule inauma vidole, na yeye alishinda mikono majini. Shuka za wageni, taulo za wageni. Kulikuwa na jenereta, na betri zake ziko kwenye kibanda karibu na kamba za nguo. Alipita pale kila siku kwa miaka sita. Nilipata kibarua cha kufyeka majani, kwa hiyo nilimwona akipita. Hakugeuza shingo.

Mara moja fundi wa pale alilalamika mbele yetu kwamba betri zake hazidumu, hajui kwa nini. Nikamwambia mke wangu anajua mambo hayo. Nilidhani namfanyia wema.

"Kweli, mama?" akauliza fundi.

"Mimi ni mfuaji," Lukresia akasema. Akainua beseni akaenda.

Kuhusu Jumatano ile hakuniuliza kitu, siku ile wala baadaye. Mwanzo nilidhani amenisamehe. Kisha nikadhani anangoja nianze mimi. Nilipanga maneno mara nyingi. Kifua kilipomshika mwezi wa pili mwaka huu nikakaa kando ya kitanda hospitalini siku tisa, Germana akija na uji. Siku ya nne nilisema, "Mama Germana, ile siku ya mwalimu." Akafumbua macho. Akasema, "Nifunike miguu." Nikamfunika. Alijua nilichotaka kusema, na hakutaka nikiseme nikapumua.

Tulimzika Karatu. Watu wa hotelini walikuja, wafuaji wenzake. Kutoka Baray alikuja Marsela peke yake, mzee sasa, kwa lori.

Valeriani yu hai. Alimpa Marsela salamu za pole anifikishie, na debe la mahindi. Nimeyapokea.